Manyatta na Milimani: Pengo Ambalo Harambee Haiwezi Kuliziba

Swali: Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mtaani Manyatta, Kisumu, ameniandikia hivi: "Tangu nianze kufundisha tumechangia watoto karo, tumepokea basari, tumeletewa matangi ya maji na vyerehani vya akina mama, na bado mtoto wa Manyatta na mwenzake wa Milimani wanaishi kana kwamba hawako mji mmoja. Wapo wanaosema watu wetu hawana bidii, na wapo wanaosema ni ukabila wa serikali. Huo ukosefu wa usawa unaoitwa wa kimfumo ni kitu gani hasa, na mtu wa kawaida anayetaka jamii yenye haki zaidi aanzie wapi?"

Jibu:

Mwalimu, nianze na hao wanaosema kwamba watu wenu hawana bidii, kwa kuwa hoja yao ndiyo inayorudiwa zaidi vijiweni na ndiyo nyepesi kupima. Mama anayetoka Manyatta kabla ya mapambazuko ili awahi mboga sokoni Kibuye, kijana anayeendesha boda boda ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila jioni, na kibarua anayeshinda kwenye mjengo jua likimwakia, hawa wote hawajakosa bidii. Kinachowatofautisha na wakazi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, ni kile kinachobaki mfukoni baada ya kulipia maji, choo, taa, dawa na karo, vitu ambavyo humfikia kila mmoja kwa bei na masharti ambayo hakuyapanga yeye.

Hapo ndipo neno "mfumo" linapoingia. Ukosefu wa usawa wa kimfumo ni hali ambayo tofauti kati ya watu huzalishwa na kanuni za kawaida, zinazofuatwa kila siku, hata pale ambapo hakuna mtu aliyekaa mahali akapanga kuwaumiza wenzake. Kipimo ninachokitumia ni hiki: chukua jambo unaloliona si la haki, kisha uwaze kwamba kesho asubuhi maafisa wote wanaolisimamia wameondolewa na mahali pao wamewekwa watu waadilifu wasiopokea chai ya mtu yeyote. Ikiwa matokeo yatabadilika, tatizo lilikuwa la watu hao na dawa yake ni kuwafikisha mahakamani. Ikiwa matokeo yatabaki yaleyale, tatizo limo ndani ya kanuni yenyewe, na hata ukibadilisha viongozi kila baada ya miaka mitano utaendelea kuvuna kilekile.

Tuujaribu mji wenu kwa kipimo hicho. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mji uliokua kando ya gati ukapangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu juu, penye upepo na bustani, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika kama vibarua ambao haikutarajiwa wajenge wala walee watoto hapo. Nakuru ina Milimani yake pia, na Kakamega, na Kitale, na umbo la miji hiyo halitofautiani sana. Manyatta na mtaa mwenzake wa Nyalenda zilikuwa nje ya mpaka wa manispaa, kwenye ardhi ya koo, hadi mpaka huo ulipopanuliwa mwaka 1972. Mji ulipoifuata ardhi hiyo ulikuta mashamba yamekwisha kuwa mali ya watu binafsi, nyumba za kupangisha zinaota moja baada ya nyingine, na nafasi ya maana ya barabara, bomba la majitaka au uwanja wa shule haikutengwa. Kibera ya Nairobi imekaa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi ya umma, lakini mitaa ya mabanda ya Kisumu imekaa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi yenye wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kupitisha bomba la majitaka Manyatta analazimika kukubaliana na wenye ploti mmoja mmoja, au awalipe fidia, ilhali Milimani nafasi ya bomba ilitengwa tangu enzi za mkoloni. Mpe mhandisi mwaminifu kuliko wote fedha zisizotosha na umwambie azitumie mahali ambapo zitahudumia nyumba nyingi kwa gharama ndogo, naye atazipeleka kulekule ambako huduma iko tayari. Hajamwonea mtu, amefuata kanuni ya gharama nafuu.

Kanuni hiyo haikuanzia Kisumu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Usoshalisti wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo nchini Kenya, ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zitaongeza uzalishaji kwa wingi zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, usafiri na umeme, na kwa watu walio tayari kupokea maendeleo. Ukiyasoma maneno hayo haraka yanaonekana ya busara. Lakini mwaka 1965 usafiri na umeme vilikuwa wapi? Vilikuwa kando ya reli na kwenye nyanda za juu za walowezi, Nakuru ikiwa mojawapo ya vitovu vyake. Waraka haukutaja kabila lolote wala haukuhitaji kulitaja, kwa kuwa ramani ya ukoloni ilikuwa imekwisha kuchagua, na kazi iliyobaki ilikuwa kuongeza juu ya kilichokuwepo.

Sasa niwajibu wale wa ukabila, ambao hawakosei kabisa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliyataja maeneo ya Nyanza na Magharibi miongoni mwa yale yaliyotengwa kiuchumi, na hakuna mtu mzima wa Kisumu anayehitaji kuelezwa jinsi siasa zilivyochangia hilo. Lakini kumbuka pia kwamba waraka ule wa 1965 ulitoka katika wizara ya mipango ya uchumi ya Tom Mboya, ambaye asili ya familia yake ni kisiwa cha Rusinga, na aliyeukosoa hadharani mwaka huohuo katika jarida la East Africa Journal alikuwa mwana mwingine wa Nyanza, mchumi Barack Obama mkubwa, akihoji kama mpango huo ungezuia mali ya nchi isikusanyike mikononi mwa wachache. (Wengi siku hizi humkumbuka mzee huyo kwa sababu ya mwanawe tu, nami naona hawamtendei haki.) Vilevile, kama ukabila ungetosha kueleza kila kitu, mitaa ya Kaptembwo na Rhonda mjini Nakuru isingekuwa katika hali duni iliyomo, maana Nakuru ilikuwa upande wa waliopendelewa na kanuni ile. Eneo lilipendelewa, lakini kibarua wa eneo hilo hakupendelewa.

Niliposema kwamba bei na masharti hupangwa mbali na mnunuzi, nilikuwa nafikiria maji zaidi ya kitu kingine chochote, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Mita moja ya ujazo ya maji ni mitungi 50 ya lita 20. Tuseme mtungi mmoja kwenye kioski unauzwa shilingi 5 siku ya kawaida na shilingi 10 mifereji inapokauka. Mita hiyo moja inamgharimu mnunuzi wa mtungi shilingi 250 siku nzuri na shilingi 500 siku mbaya. Familia inayotumia mitungi 6 kwa siku hutumia mitungi 180 kwa mwezi, ambayo ni mita 3.6 za ujazo, na hulipa shilingi 900 bila kuhesabu saa za foleni na shingo ya msichana anayebeba. Sasa mwombe mtu yeyote mwenye mita nyumbani akuonyeshe bili yake, ugawe malipo ya maji kwa kiasi alichotumia, kisha ulinganishe bei ya kila mita ya ujazo. Bei zinazoidhinishwa kwa matumizi madogo ya nyumbani ziliwekwa chini makusudi ili zimsaidie maskini, ila maskini hana mita, kwa sababu mita inahitaji ada ya kuunganishiwa, bomba la kutoka barabarani na idhini ya mwenye ploti. Nafuu iliyoandikwa kwa jina lake inapokewa na jirani yake.

Kisumu hiyohiyo imetoa mfano wa jinsi kanuni inavyoweza kubadilishwa. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya maji ya mji ilianza Nyalenda mpango wa kuuza maji kwa jumla kwa vikundi vya wakazi wenyewe, ambavyo vilivuta laini hadi vichochoroni, vikaweka mita, vikasoma mita hizo na kukusanya malipo. Mpango huo una matatizo yake, kuanzia vikundi vinavyokawia kulipa hadi mabomba yanayokatwa usiku, nami sisemi kwamba umemaliza kiu ya Nyalenda. Ninachosema ni kwamba uligusa mahali penyewe penye kasoro, yaani masharti ya kuunganishiwa, jambo ambalo tangi la plastiki lenye picha ya mheshimiwa haliwezi kulifanya hata likijazwa kila siku.

Liko jambo lingine ambalo mwalimu wa hesabu atalielewa haraka kuliko mwanasiasa, nalo ni wastani. Katika utafiti wa kitaifa wa matumizi ya kaya wa mwaka 2015 na 2016, kiwango cha umaskini nchini kilikuwa asilimia 36.1. Kisumu ilikuwa na asilimia 33.9, Nakuru 29.1, Nairobi 16.7, Busia 69.3 na Turkana 79.4. Kwa takwimu hizo Kisumu ni kaunti iliyo nafuu kuliko wastani wa nchi, na kwenye karatasi haina dai kubwa. Lakini wastani wa kaunti huchanganya Milimani na Manyatta, kilima cha Riat na vijiji vya Nyakach, na mchanganyiko huo huficha yule aliye chini kabisa. Jambo kama hilo lilitokea katika Hazina ya Usawazishaji, ambayo Kifungu cha 204 cha Katiba kinaitengea nusu asilimia ya mapato ya taifa ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Sera ya kwanza ilichagua kaunti nzima 14, na hakuna hata moja kutoka Nyanza au Magharibi iliyoingia, hata Busia. Sera ya pili ilishuka hadi kwenye kata ndogo, na hapo maeneo mengi zaidi ya nchi yakaanza kuonekana. Waliobaki wakiteseka katika kaunti "nafuu" hawakuwa wamebadilika. Kilichobadilika ni kijiko cha kupimia. Hazina yenyewe ilicheleweshwa na kesi na mivutano, na Katiba iliipa miaka 20 tu isipoongezewa muda, hivyo mwaka 2030 uko karibu.

Kutoka hapo tunafika kwenye kosa ambalo hata watu wenye nia njema hulifanya, yaani kudhani kwamba kugawa sawasawa ni kugawa kwa haki. Serikali huhesabu shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma. Kiasi ni kimoja kwa shule yenye madarasa ya mawe, maktaba na wazazi wanaoweza kuongezea, na kwa shule yenye watoto 90 katika darasa moja lililozungukwa na maji ya mvua. Ile ya kwanza hutumia fedha hizo kununua vitabu vya ziada. Ya pili huzitumia kurekebisha vyoo. Wewe unaishi ndani ya jambo hili, kwa hiyo sitalirefusha.

Tuje kwenye harambee, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Harambee imejenga shule nyingi za nchi hii katika miongo ya kwanza ya uhuru, na mtu asiidharau. Lakini angalia inavyofanya kazi: kiasi kinachochangwa hutegemea mali ya wale wanaoalikwa. Kijiji chenye wana wengi walioajiriwa Nairobi kilijenga maabara. Kijiji chenye wavuvi na wakulima wa miwa wanaosubiri malipo ya kiwanda kilijenga darasa moja na kukwama kwenye linta. Maana yake ni kwamba chombo tulichokitegemea kusawazisha kiliongeza pale palipokuwa na kitu na kupunguza hamu pale ambapo hapakuwa na kitu, na hakuna aliyeiba hata senti.

Basari nayo ina ugonjwa wake. Mzazi hupewa fomu, akatafuta muhuri wa chifu, sahihi ya kiongozi wa dini, nakala za vitambulisho na muundo wa karo kutoka shuleni. Kila karatasi ina nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea. Kisha kamati hukaa na kugundua kwamba waombaji ni wengi kuliko fedha, na kwa kuwa kila mwombaji ni mpiga kura, fedha hukatwa vipande vidogo ili kila mmoja apate kitu. Mtoto anayedaiwa maelfu hupata kiasi kisichomrudisha darasani, na mtoto ambaye angesoma hata bila basari hupata kiasi hichohicho. Mwishowe mzazi hutoka na deni la shukrani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mfumo wa basari umeifanya methali hiyo kuwa utaratibu wa serikali: anayetaka haki ya mwanawe hujifunza kwanza kumpendeza mwenye kuigawa. Usiache kumjazia mtoto fomu, Mwalimu, maana karo ya muhula huu haisubiri mageuzi. Lakini nguvu zenu zote zikiishia hapo, mtakuwa mmeajiriwa bila mshahara kusimamia mfumo uleule mnaoulalamikia.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi, si kwa sababu jambo ni dogo bali kwa sababu sheria yake imenyooka kuliko desturi. Mahakama ya Rufani ikiketi Eldoret iliamua mwaka 2005 kwamba binti asinyimwe sehemu yake ya urithi kwa hoja kwamba ataolewa, na Katiba ya 2010 ikakataza ubaguzi wa kijinsia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja aonyeshe mchango wake, na mchango usio wa fedha nao huhesabiwa. Kikwazo kilichobaki ni cha vijijini: baraza la ukoo hukaa kabla ya mahakama, na mjane asiye na nauli ya kwenda kortini hukubali anachopewa. Kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu na soko kingemfaa kuliko semina kumi za uhamasishaji.

Unauliza mtu wa kawaida aanzie wapi. Ushauri wangu ni kwamba mchague kanuni moja, iliyo karibu, inayoweza kubadilishwa na watu mnaowafahamu kwa sura, na kwenu kanuni hiyo ni ile inayogawa fedha za maendeleo za kaunti kwa wadi. Kisumu ina wadi 35. Katika kaunti nyingi wawakilishi wadi huona njia ya amani ni kugawa fedha sawa kwa kila wadi, bila kujali idadi ya watu, nyumba zisizo na maji, wala kilomita za barabara. Market Milimani na Nyalenda B ni wadi mbili za eneo bunge moja, na hamhitaji mtaalamu kuwaambia kama mahitaji yake yanafanana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kwa hakika kaunti yenu inatumia kanuni gani. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa hizo, na ofisi ya umma inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Andikeni barua, muombe orodha ya miradi na fedha zilizotumika kwa kila wadi katika miaka mitatu ya fedha iliyopita, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Jambo la pili ni kalenda, ambayo huwashinda wengi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili yaidhinishwe kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30. Wananchi wengi huitwa Mei, wakati viwango vya kila idara vilikwisha kuwekwa Februari na miradi ilikwisha kuchaguliwa tangu Septemba. Anayesema Mei husikilizwa kwa heshima na kupewa soda.

Najua utaniambia kwamba umekwenda kwenye vikao hivyo na kuona vilivyo: hema limepigwa, viti vya mbele vimekaliwa na watu walioletwa kwa gari, kitabu cha mamia ya kurasa kimeandikwa kwa Kiingereza na nakala ziko tatu, na mkutano umeitwa siku ya kazi asubuhi, wakati mama mboga na kibarua hawawezi kuja bila kulala njaa. Ni kweli, na hiyo nayo ni kanuni ya kudai ibadilishwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Ombeni muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili na kwa Dholuo, ubandikwe sokoni na kwenye zahanati wiki mbili kabla, na mkutano ufanywe Jumapili alasiri. Makueni, kaunti ambayo haina utajiri wa kuishinda Kisumu, ilijipatia sifa kwa kuanzisha vikao vya bajeti kuanzia vijijini na kuwapa wakazi kamati za kusimamia miradi yao. Kule Brazil, mji wa Porto Alegre ulianza jambo kama hilo mwaka 1989, na kilichoupa nguvu ni kwamba mitaa iliyokosa huduma ilipewa alama nyingi zaidi wakati wa kugawa.

Alama hizo ndizo kiini cha ninachowashauri. Msiende kuomba kioski, nendeni kuomba fomula. Ukiomba kioski, unashindana na wadi nyingine 34, na ukikipata wao wamekosa. Ukiomba kanuni inayotoa uzito kwa idadi ya watu na kwa kaya zisizo na maji ya bomba, wadi nyingi zitanufaika pamoja, na katika bunge la kaunti hesabu ya kura ndiyo inayoamua. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha za taifa ilikuwa na uzito wa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa uwajibikaji wa fedha. Kila nambari hapo ilikuwa matokeo ya mabishano, na hakuna iliyoshuka kutoka mbinguni. Nanyi mnaweza kubishana kuhusu za kwenu.

Kuna mtego hapa ambao lazima niutaje. Mkitaka idadi ya watu ihesabiwe peke yake, Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani zitafaidika, lakini wadi za Nyakach na Seme, zenye watu wachache na mwendo mrefu wa kwenda mtoni au hospitalini, zitapoteza, na wawakilishi wao watawapinga kwa haki kabisa. Ndiyo maana umbali nao uwe na uzito wake. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi juu ya fomula ya tatu ya kaunti kwa sababu hiyohiyo, kila upande ukihesabu ni nani atapungukiwa. Mkwamo uliondolewa kwa kukubaliana kwamba fomula mpya ingeanza kutumika wakati mgao wa kaunti zote ungepandishwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asiwepo wa kupoteza alichokuwa nacho. Mbinu hiyo inafaa hata katika wadi: mgao wa sasa wa kila wadi ubaki ulivyo, na fomula ya mahitaji itumike kwa nyongeza tu. Itachukua miaka kadhaa kabla tofauti haijaonekana, lakini haitaanguka siku ya kwanza.

Na nyongeza hiyo itoke wapi? Sehemu yake itoke kwa walio nacho. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 kwa tajiri na kwa maskini mbele ya kaunta ileile, na kwa maskini hula sehemu kubwa zaidi ya kipato, kwa kuwa yeye hutumia karibu kila anachopata. Ada za ardhi za kaunti ni tofauti, kwani humgusa mwenye ploti kwa kadiri ya thamani ya ploti yake. Orodha ya thamani ikikaa miaka mingi bila kusahihishwa, mwenye kiwanja kilichopanda bei huendelea kulipa kiwango cha zamani, na pengo hilo hufidiwa na ushuru wa soko anaotozwa mama mwenye furushi la sukuma. Ulizeni orodha ya kaunti yenu ni ya mwaka gani. Ni swali dogo linalowakosesha watu wazito usingizi.

Mkikataliwa kikaoni, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi katika bunge la kaunti. Maombi yenu yasizidi kurasa mbili: kanuni ya sasa, takwimu za wadi zote 35 kama mlivyopewa, fomula mnayoipendekeza, na jedwali la kila wadi itapata nini. Jedwali hilo ndilo litakalosomwa, maana kila mwakilishi atatafuta mstari wake kabla ya kusoma kitu kingine. Darasa lenu la wakubwa linaweza kulichora, na likawa somo zuri la asilimia. Mkipata majibu ya barua yenu na takwimu zikawemo, nitumieni, tuzipigie hesabu kabla ya mpango wa Septemba.